Sekunde Kumi

Kompyuta yangu ina umri wa mtoto wa sekondari.
Bawaba ya kushoto imelegea; naiegemeza
kwa kopo la vifungo.
Herufi ya kwanza ya lugha yetu imefutika kibodini.
Kidole kinaijua.

Guram, mwana wa dada yangu, aliipasua
juu ya meza ninayokatia vitambaa,
skrubu akazipanga kwenye kisosi cha jamu.
Kumbukumbu aliitoa kwenye mashine ya jirani iliyomwagikiwa divai.
Diski ilipanda basi kutoka Tbilisi, ndani ya soksi.
Betri, sijui nasaba yake.
Akapuliza vumbi, nyuzi,
unywele mmoja mweupe. Wangu. Nikaunyamazia.

“Mama mkubwa, mwili umepona,” akasema.
“Sasa tuchague roho.”

Roho! Kana kwamba zinapimwa kwa kilo
pale sokoni Kutaisi, kando ya jibini.

Ule mfumo wa madirisha, wa zamani, umeshaachwa na wenyewe:
mwizi akibisha, ndani hamna wa kuuliza nani.
Wa madirisha mpya ulikuja, ukaikagua mashine
kama mama mkwe anavyokagua sahani,
ukasema haifai.
Na kumbukumbu tumeiongeza mara nne!
Basi pengwini. Na pengwini si mmoja:
Guram alitaja majina tisa,
huyu mwepesi, yule mpole, yule mkaidi lakini hakusaliti,
mpaka supu ikapoa.

Lado wa dukani alicheka: la kuvunda halina ubani,
nunua mpya, ulipe kidogo kidogo.
Kipya kinyemi, Lado. Vidonda vyake nimeviuguza.

Mimi nilikuwa na swali moja tu:
cherehani ya kudarizi itaelewana na nani?

Kimya.

Cherehani ile, kichwa ngumu cha chuma,
hupokea michoro kwa programu moja,
na programu hiyo inaishi kwenye madirisha ya zamani,
wala haihami.
Michoro mia tatu na kumi na miwili:
mizabibu ya vifua vya wachezaji ngoma,
misalaba ya mikono ya padri,
tausi niliyemkosea mkia mwaka Rioni ulipofurika,
nikamwacha hivyo hivyo, wateja wakampenda.

Siku tatu Guram alimbembeleza pengwini
ajifanye dirisha. Akajifanya.
Cherehani ikadarizi tausi asiye na kichwa.

Usiku umeme ulikatika. Tulikaa mbele ya jiko la kuni,
tukivunja jozi kwa koleo.
Nikamuuliza: kwa nini lazima mmoja amfukuze mwenzake?
Enzi zile nyumba hii ilikaa familia mbili,
jiko moja, ukuta wa kabati.
Hatukupendana. Tuliishi.

Akaacha kutafuna.
“Diski inatosha,” akasema.

Sasa wa kale yuko chumba cha nyuma,
amekatiwa mtandao, haoni mgeni, anadarizi.
Pengwini yuko sebuleni: barua, benki,
uso wa binti yangu kutoka Bari kila Jumapili,
akiwa bado na aproni ya yule bibi anayemuuguza.

Na kila asubuhi nikibonyeza kitufe,
skrini nyeusi huniuliza kwa herufi nyeupe:
yupi?
Inahesabu. Kumi, tisa, nane.

Guram anataka kuiondoa hiyo, ati inachelewesha.
Nimemkataza.

Bendera juu ya posta ilibadilishwa
nikiwa kwenye foleni ya stempu; hakuna aliyegeuka kuniuliza.
Kiwanda kilifungwa kwa karatasi iliyobandikwa mlangoni.
Mume nilichaguliwa. Alikuwa mtu mwema,
lakini nilichaguliwa.
Miaka sitini na minane,
na hiki kidude chenye bawaba mbovu
ndicho cha kwanza kunisubiri.

Saba. Sita.
Nitakachobonyeza nakijua.
Naiacha ihesabu.